Trekta la Ijumaa Jioni

Nilipaswa kukataa. Kaka yangu aliponiambia nilikague lile trekta kabla jua halijazama, injini yake ikiwa bado inanguruma na joto lake likinipiga usoni, jibu la kweli lilikuwa fupi: sitalikagua leo. Lizimwe, lilale hapa uani, na Jumapili asubuhi nitaliwasha likiwa baridi. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni kabisa. Badala yake nilivua koti, nikakunja mikono ya shati na kusema, "Haya, sogeeni kidogo nipate mwanga."

Sasa mimi ni mzee, na watu walioshuhudia jioni ile karibu wote wametangulia. Ninaandika haya kwa sababu wajukuu wangu wanapouliza kwa nini kwetu Gesima hatuna jamaa wa karibu upande wa juu wa mto, huwa ninawaambia walihama. Ni kweli walihama. Lakini hawakuhama kwa kupenda.

Baba yetu alifariki nikiwa bado mdogo wa kubebeshwa maji kwa debe la nusu. Kaka alikuwa shule ya msingi, na walimu walimsifu kwa hesabu. Aliacha shule mwaka uleule. Alishika jembe, akapanda pareto kwenye mteremko wote ulio nyuma ya nyumba ya mama, na kwa maua yale meupe yaliyoanikwa juu ya magunia nilisoma mpaka kidato cha nne. Hakuwahi kunikumbusha jambo hilo. Watu wengine walinikumbusha, yeye hapana. Nilipokuja likizo na kitabu kwapani alikuwa akiniambia tu, "Nisomee ukurasa mmoja," kisha akiendelea kuchuma pareto huku akisikiliza Kiingereza ambacho hakukielewa vizuri.

Nilipomaliza shule nilipata kazi upande wa Sotik, kwa Mzungu mmoja aliyekuwa na karakana ya kutengeneza mashine za mashamba ya jirani. Aliniajiri nikae stoo, nisome namba za vipuri. Haukupita muda nikawa ninalala chini ya matrekta pamoja na mafundi, na yeye mwenyewe akawa ananichukua kwenye minada. Ilikuwa ile miaka ambayo Wazungu wengi walikuwa wanauza na kuondoka. Leo shamba hili, wiki ijayo lile. Vitu vilipangwa kwenye nyasi: vitanda, majembe ya ng'ombe, mapipa, na mwishoni matrekta, yameoshwa, yamepakwa mafuta, yamesimama kwa mstari kama watoto wanaongoja kupigwa picha.

Mwajiri wangu hakuwa mtu wa maneno. Alipofika mbele ya trekta alitanguliza kiganja ubavuni mwa injini, hata kabla hajamsalimu mwenye mali. Akikuta joto, alirudi kwenye gari lake na kufungua gazeti. Alikaa humo mpaka chuma kipoe, hata kama mnada ungempita. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua hivyo. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha shambani, "Ikiwa moto, imeshafundishwa kusema uongo."

Baadaye nilielewa. Injini iliyochoka huwaka vibaya ikiwa baridi. Hukohoa, hutoa moshi mweupe mzito na kugongagonga ndani kwa dakika kadhaa. Ikishapata moto, oili hulainika, vyuma huvimba na kujaza nafasi zilizolika, na mgonjwa husimama wima mbele ya wageni. Muuzaji mjanja huliendesha trekta kutoka mbali na kulileta likiunguruma, tena halizimi. Ukimwambia azime, atakwambia betri ina shida kidogo.

Mengine nilijifunza kwa macho na vidole. Nilichomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Sikuiamini sana ile mita ya saa za kazi, kwa maana mita hubadilishwa. Nilitazama pedali ya klachi. Mita ikisema trekta limefanya kazi kidogo na pedali imelika ikang'aa kama kijiko cha zamani, niliamini pedali. Niliuinua mguu wa mbele kwa jeki na kulitikisa gurudumu. Nilifunga plau nyuma, nikaliinua juu, nikazima na kungoja nione kama litashuka lenyewe. Na nilitafuta rangi. Trekta lote likipakwa rangi, mwenyewe anataka lipendeze. Ikipakwa sehemu moja tu, hapo ndipo pa kukwaruza kwa kucha.

Mzungu yule naye aliuza, akaondoka. Nikarudi nyumbani na kufungua kibanda cha ufundi karibu na soko. Watu wa Birongo walikuja, wa Sironga walikuja, wakinibeba kwenda kuwaangalizia trekta walilotaka kununua. Nilisema "hapana" mara nyingi kuliko "ndiyo", na jina likakua kwa sababu ya zile hapana. Nilipita sokoni kichwa kikiwa juu. Kijana wa suruali ndefu aliyesikiliza chuma kama daktari anavyosikiliza kifua: hivyo ndivyo walivyonisema, na mimi nilipenda wanavyonisema.

Kule kwetu majirani walilima kwa zamu katika kundi tuliloliita egesangio. Leo wote kwa fulani, kesho wote kwa mwingine, na mwenye shamba anapika. Kundi la kaka yangu lilikuwa la watu waliozoeana tangu ujana, Wasabato karibu wote, na kaka alikuwa shemasi kanisani. Baadhi yao walikuwa wamepata viwanja katika zile skimu za serikali za kugawa mashamba ya Wazungu upande wa Sotik. Ardhi ilikuwa pana, nyasi zake zimefungamana kama mkeka, na jembe la mkono lilikuwa likirudi likiruka. Kaka ndiye aliyeleta wazo: tununue trekta la kundi. Litalima kwetu kwanza, kisha litakodishwa kwa wengine.

Kila nyumba iliuza ng'ombe. Jirani mmoja, mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye ndiye Mkatoliki peke yake katika kundi lile, aliuza fahali na mtamba aliowatenga kwa mahari ya mwanawe. Kijana alikubali kungoja mavuno mawili. Wengine walisita. Walimuuliza kaka yangu, "Tutajuaje kama ni zima?"

"Mdogo wangu atalikagua."

"Na likitufia?"

Kaka alisimama. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye gogo karibu na mlango. "Likifa kwa ubovu liliokuja nao," akasema, "mnidai mimi. Shamba langu mnalijua lilipo."

Hapo maneno yaliisha. Ardhi yake yote ilikuwa ile ya baba, upande wa juu wa mto, ule mteremko wa pareto. Aliiweka juu ya neno langu bila hata kunitazama, kama mtu anayeweka kikombe juu ya meza anayoijua.

Muuzaji alikuwa mfanyabiashara wa Kisii mjini. Alisema ana trekta jekundu alilonunua kwenye mnada wa Wazungu, na kwamba atalileta mwenyewe Ijumaa saa sita mchana. Nilifurahi. Saa sita ingenipa muda wa kulizima, kula chakula, kuliacha lipoe, na kuliwasha upya mbele ya watu wote.

Ijumaa ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Wazee walikaa kwenye kibaraza cha kaka wakitazama barabara ya kutoka Keroka. Kwetu Ijumaa ni siku ya maandalio. Kabla jua halijazama ni lazima maji yawe ndani, kuni zimepasuliwa, chakula cha kesho kimepikwa, watoto wameogeshwa. Jua likishazama, Sabato imeingia, na hakuna anayenunua wala kuuza wala kushika spana mpaka kesho yake jioni. Shemeji yangu alikuwa akipita na ndoo, anarudi, anapita tena, na kila akipita anatazama mbinguni.

Mvua ilikatika, mawingu yakapasuka upande wa magharibi, na mwanga wa njano ukaingia uani kwa mlazo. Hapo ndipo tuliposikia mngurumo. Trekta lilipanda mlima likitoa moshi mwembamba, tope hadi kwenye vioo vya taa, dereva amejifunika gunia kichwani, na nyuma yake gari la muuzaji.

"Poleni, wazee wangu, poleni sana!" muuzaji alisema akishuka, mtu mnene mwenye viatu vya mpira. "Barabara yenu hii, hata mbuzi angeomba asukumwe. Lakini oneni! Ng'ombe wangu amepanda bila kuomba msaada."

"Ng'ombe wako anakunywa nini?" mmoja akauliza.

"Dizeli kidogo. Na hakojoi kwenye maziwa."

Wakacheka. Kaka hakucheka. Alinishika kiwiko. "Kagua, momura ominto," akasema, akiniita ndugu yake kwa lugha ya mama. "Jua hilo linazama."

Nikaenda moja kwa moja kuweka kiganja ubavuni mwa injini. Nikakitoa mara moja. Ulikuwa moto wa kuunguza.

"Zima," nikamwambia dereva.

Dereva akamtazama bosi wake. Muuzaji akaja akitabasamu. "Tukizima, mwalimu, itabidi tusukume. Betri imechoka kidogo na ile baridi ya njiani. Ya kubadilisha ninayo, nitaileta wiki ijayo, bure. We lisikilize hivyohivyo. Lisikilize! Mtoto analala hapo."

Nililisikiliza. Injini moto ilisema nilichotarajia itaniambia. Nikamgeukia kaka na kumvuta pembeni. "Siwezi kujua hivi," nikasema kwa sauti ya chini. "Ningependa lilale hapa. Jumapili asubuhi niliwashe likiwa baridi."

Kaka akamwambia muuzaji. Muuzaji akainua mikono. "Jumapili? Mzee, Jumapili alfajiri lina mtu wake wa Sotik anayelingoja. Nimelileta kwenu kwanza kwa heshima. Nikiliacha hapa mkalikataa, yule nimemkosa, ninyi nimewakosa. Mimi nitalilisha nini?"

"Basi tulitazame kesho," akasema mmoja aliyesahau siku.

Yule mzee Mkatoliki akaangua kicheko. "Kesho ninyi mko kanisani. Keshokutwa niko mimi. Mnaonaje tulitazame Jumatatu, likiwa limeshasali dini zote mbili?"

Watu walicheka tena, na kicheko kile kilikuwa mlango. Ningesema, mzee amesema kweli, Jumatatu, na asiyetaka alirudishe Kisii. Nadhani wangekubali. Lakini muuzaji alikuwa ameshakunja uso na kumwambia dereva ageuze, na dereva akatia gia. Nikaona jinsi wale watu walivyoshtuka. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza. Ng'ombe walikuwa wameshauzwa, mazizi matupu. Na kutoka jikoni shemeji aliita kwa sauti ambayo hakuwa akiitumia mbele ya wageni, "Jua! Mnaliona jua?"

Lilikuwa limebaki juu ya kilima kwa upana wa kiganja.

"Kagua unachoweza," kaka akaniambia. "Wewe ukiona kidogo unajua kingi. Mimi nakuamini."

Ndipo nilipovua koti.

Nilifanya haraka. Oili ilikuwa safi, mpya kabisa, na hilo peke yake lingenitia wasiwasi siku nyingine. Usukani ulicheza kidogo. Pedali ya klachi ilikuwa imelika kuliko mita ilivyosema. Plau liliinuka na kukaa juu. Nikatambaa nyuma, kati ya matairi makubwa, kwenye tope, nikamulika kwa tochi lile gamba nene la chuma linalofunika ekseli, upande wa kushoto. Upande wa kulia palikuwa na kutu, udongo na grisi ya zamani. Upande wa kushoto, karibu na gurudumu, chini ya tope la siku hiyo, palikuwa pekundu. Pekundu pabichi. Nikapitisha kidole. Chini ya rangi palikuwa na uvimbe mrefu uliozunguka, kama kovu. Rangi ikabaki kwenye ncha ya kidole changu.

Nilijua ni nini. Gamba lilikuwa limepasuka likachomelewa. Huenda kuchomelewa kule kulikuwa kuzuri. Kuna mafundi ambao kazi yao hudumu kuliko chuma chenyewe. Katika mashamba tambarare ya Sotik lingeweza kuvuta miaka. Kwa milima yetu, ambapo trekta hulima likiwa limeegemea upande mmoja na uzito wote uko kwenye gurudumu la chini, sikujua. Kujua kungetaka kukwangua rangi yote, kuosha, kutazama mchana mweupe. Kungetaka muda.

Nilipotoka, wote walikuwa wamenizunguka. Muuzaji alikuwa ananitazama mimi, si trekta. Nadhani alijua nilichogusa. Niliipangusa ile rangi kwenye suruali, nyuma ya paja.

"Umeona nini?" kaka akauliza.

Nimejiuliza maisha yangu yote ni nini kilichonishinda. Muuzaji hakunipa kitu. Hakuna aliyenitisha. Nilikuwa nimezoea kusema hapana kwa watu wa mbali, ambao wangeondoka na hapana yao nami nikabaki na jina langu. Hapa ningesema hapana kwa kaka, mbele ya watu aliowaambia wauze ng'ombe, katika dakika ile aliyosema ananiamini. Na kulikuwa na kitu kingine, kidogo na cha aibu. Niliogopa kusema "sijui". Kwa miaka ile yote sikuwa nimewahi kusema sijui mbele ya trekta.

"Ni zuri," nikasema. "Lina uzee wake, lakini ni zuri."

Walipiga makofi. Fedha zilikabidhiwa juu ya boneti ya trekta, haraka haraka, kila mtu akitupia jicho magharibi, na gari la muuzaji lilikuwa halijafika hata kona ya kwanza jua lilipozama. Shemeji akawasha taa. Tukaingia ndani, tukafungua Sabato kwa wimbo, na kaka katika sala yake alimshukuru Mungu kwa trekta na kwa mdogo wake aliyepewa macho ya kuona. Nilisema amina pamoja na wengine.

Jumamosi baada ya ibada watu walikuja kulitazama. Walisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kwa sababu ya siku. Watoto walikanywa wasiguse hata tairi. Lilikaa pale likimetameta na mimi nilikaa kivulini nikiogopa Jumapili.

Jumapili alfajiri nilikwenda kabla watu hawajaamka. Stata ilitoa mlio mmoja ikanyamaza. Ilibidi nimwamshe kaka na majirani tulisukume kwenye mteremko. Lilipowaka, uani kulijaa moshi mweupe hadi nyumba ya mama haikuonekana, na ndani ya injini nilikusikia kule kugonga, kama mtu anabisha mlango kwa fundo la kidole. Wote walinitazama.

"Ni baridi ya asubuhi," nikasema.

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili, na niliitupa kwa urahisi zaidi kuliko ya kwanza. Ningeweza hata kusema lisilime kwenye miteremko. Nilijiambia nitalishughulikia polepole: nitabadilisha hiki, nitakaza kile, nitafute gamba jingine kwa rafiki zangu wa zamani bila mtu kujua. Niliandika hata barua moja kuulizia. Wakati nangoja jibu, trekta lililima.

Lililima vizuri, na hilo ndilo lililonifanya niendelee kunyamaza. Kwa siku kadhaa ardhi ya skimu ilipinduka, nyeusi, ikinuka vizuri, na wanawake walifuata nyuma wakitupa mahindi. Yule mzee Mkatoliki alikuwa akitembea pembeni mwa mifereji akiimba peke yake. Kila jioni nilitambaa chini yake kwa kisingizio cha kupaka grisi na kupitisha kidole kwenye kovu. Jioni moja, tulipokuwa tumelirudisha Gesima, nilihisi ufa mwembamba, kama unywele. Nikamwambia dereva, kijana wa mmoja wa wanakundi, asilime upande wa mlima.

"Nani kasema?" akaniuliza.

"Mimi."

"Kaka yako amesema kesho ni zamu ya mlima."

Ningemwendea kaka usiku uleule. Sikwenda. Niliwaza nitaamka mapema.

Nilipofika asubuhi walikuwa wameshaanza. Nililiona kutoka chini, likipita kwa mlazo juu ya mteremko, na kaka akitembea upande wa juu akimwelekeza dereva kwa mkono. Nilipiga kelele. Mngurumo uliimeza sauti yangu. Kisha nikausikia mlio mmoja mkavu, wa chuma kukatika. Gurudumu la chini lilijilaza kwa ndani. Trekta liliinama taratibu sana, kama mzee anayetafuta pa kukaa, na dereva akaruka upande wa juu. Kisha likapinduka mara moja, likateleza na plau lake mpaka kwenye miti ya mtoni. Kijana alivunjika mfupa wa bega. Wengine wote walikuwa wazima. Kwa hilo nilimshukuru Mungu na bado namshukuru.

Kundi lilikaa uani kwa kaka siku chache baadaye. Walikuwa wameshateremka mtoni, wameona. Kovu la zamani lilikuwa wazi sasa, kutu ndani ya ufa mkongwe na mng'ao kwenye ufa mpya. Hata asiye fundi aliweza kusoma. Muuzaji alikuwa ameshakana kila kitu: alisema aliuza mali iliyokaguliwa, na kwamba mkaguzi alikuwa wa kwao.

Kaka alinigeukia mbele yao. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Niambie jambo moja tu," akasema. "Jioni ile ulikiona kile kitu, au hukukiona?"

Kama ningesema nilikiona, lawama ingekuwa yangu. Kundi lingenidai mimi, kibanda changu, vyombo vyangu, jina langu. Kama ningesema sikukiona, basi trekta lilikuwa limekuja na ubovu wake bila mtu kujua, na maneno yake ya siku ile yangesimama kama alivyoyasema: mnidai mimi.

"Sikukiona," nikasema. "Palikuwa giza."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni. Ndiye aliyefua nguo zangu wiki ile, pamoja na ile suruali yenye rangi nyekundu nyuma ya paja. Alimtazama mumewe, naye akainamisha kichwa, nikafahamu kwamba walikuwa wameshazungumza na kwamba swali lile halikuwa la kutafuta habari. Kaka alikuwa ananipa nafasi ya tatu.

"Vema," kaka akasema kwa wale watu. "Nilisema mnidai mimi."

Yule mzee Mkatoliki alitaka kumsamehe sehemu yake. Kaka alikataa. Aliuza ardhi ya baba, mteremko wote wa pareto hadi ukingo wa mto, kwa mtu wa ukoo mwingine, akarudisha kila ng'ombe kwa kila nyumba. Alihamia Transmara na mkewe na watoto, akawa analima kwenye ardhi ya kukodi. Alipoondoka hakuniaga, na mimi nilikuwa kibandani nikijifanya nina kazi.

Nilimfuata baada ya mama kufariki. Ilinichukua miaka kupata ujasiri huo. Nilimkuta anapanga mahindi darini, ameota mvi. Nilikuwa nimejiandaa kukiri kila kitu, na nikakiri, nimesimama, kwa Ekegusii, lugha ya mama yetu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta kiti, akakipangusa vumbi, na akanijibu kwa Kiswahili, jinsi tunavyozungumza na mgeni tusiyejua anatoka wapi.

"Karibu, bwana. Keti. Utakunywa chai?"

Nilikunywa chai ile. Aliniuliza habari za barabara na za mvua, kwa Kiswahili, kwa adabu kamili, na aliponisindikiza hadi njiani alinipa mkono na kuniambia, "Safari njema." Hatukuonana tena. Kifo chake nilikisikia sokoni kutoka kwa mchuuzi wa ndizi, wakati alikuwa ameshazikwa. Watoto wake hawajui njia ya kuja kwangu na hawajaiuliza. Kibanda changu kilibaki, na watu waliendelea kuniita nikakague matrekta kwa miaka mingi. Lakini sikuwa na kaka. Nilimpoteza kwa neno moja nililolisema Ijumaa ile, naye alikuwa bado hai, na aliishi miaka mingi baada ya hapo bila mimi.